Kuandika vichekesho: televisheni au filamu?

Mtu anayetaka kuishi kwa kuandika vichekesho vya skrini hufika njia panda mapema kuliko alivyotarajia. Kazi ya televisheni na kazi ya filamu huitwa kwa jina moja, uandishi wa skripti, na zote zinamdai mtu ajue kuchekesha kwa kalamu. Ila ukiziweka bega kwa bega unaona ni ajira mbili: ratiba mbalimbali, malipo mbalimbali, na zaidi ya yote, mamlaka mbalimbali. Naanza na mamlaka kwa makusudi. Wanaochagua wengi huanza na fedha au umaarufu, kisha baada ya miaka kadhaa unawasikia wanalalamikia jambo lile lile: maneno yao yamebadilishwa na hawakuulizwa.

Mifano yangu mingi inatoka Marekani na Uingereza, kwa sababu huko ndiko kazi hii ilikoandikiwa kanuni na mikataba ambayo wengine wanaitazama.

Nani mwenye kauli ya mwisho

Kwenye televisheni ya mtindo wa Marekani, anayeongoza kipindi ni mwandishi. Ndiye anayechagua waigizaji akishirikiana na wenye chaneli, anayepitisha kila skripti, anayeingia chumba cha uhariri na kusema kata hapa, kicheko kifike mapema. Waongozaji hupokezana, wa episodi ya tatu huenda asiwe wa episodi ya nne. Mwandishi mkuu hubaki. Wewe unayeanza chini huna kauli hiyo, mstari wako utafutwa mara nyingi, lakini anayeufuta ni mwandishi mwenzako na atakwambia kwa nini. Ngazi ya kufika alipo iko mbele yako, ina vidato vyenye majina, na watu wanaipanda.

Kwenye filamu kauli ni ya mwongozaji, na nyuma yake studio inayolipa. Skripti ikishanunuliwa, mnunuzi anaweza kumpa mtu mwingine aiandike upya, naye akafuatwa na wa tatu, na wote wakawa na haki kabisa kwenye makaratasi. Filamu ya Tootsie ya mwaka 1982 ilishika nafasi ya 2 kwenye orodha ya vichekesho 100 vya Marekani iliyotolewa na Taasisi ya Filamu ya Marekani mwaka 2000. Skripti yake ina majina ya Larry Gelbart na Murray Schisgal, na kisa kina jina la Don McGuire pamoja na Gelbart. Elaine May na Barry Levinson nao waliifanyia kazi, majina yao hayapo. Si kwamba mtu alidhulumiwa kwa siri. Ndivyo filamu za vichekesho zinavyotengenezwa. Kanuni za Chama cha Waandishi wa Marekani zinasema anayeandika upya skripti ya mwenzake isiyotokana na kitabu au kazi nyingine lazima mchango wake ufike asilimia 50 ndipo apate jina kwenye skripti. Kwa hiyo mtu anaweza kukupa vichekesho bora 10 vya filamu nzima na asionekane popote.

Gelbart mwenyewe ni mfano mzuri kwa sababu aliishi pande zote mbili. Miaka ya 1950 alikaa kwenye chumba cha waandishi wa Sid Caesar, mchekeshaji wa televisheni, pamoja na watu kama Mel Brooks na Neil Simon. Mwaka 1972 alikipeleka kisa cha M*A*S*H, kichekesho cha madaktari wa vitani, kwenye televisheni, akakaa nacho misimu 4 ya kwanza kama mmoja wa waliokuwa na usukani. Mtu huyo huyo, kipaji kile kile. Tofauti ilikuwa kiti alichokalia.

Waandishi wa filamu wamejua dawa ya hili tangu zamani: ongoza mwenyewe. Preston Sturges aliiuzia studio ya Paramount skripti ya The Great McGinty kwa dola 10, kwa sharti kwamba yeye ndiye awe mwongozaji. Filamu ilitoka mwaka 1940 na ikampa tuzo ya Oscar ya skripti. Billy Wilder alifuata njia hiyo hiyo miaka michache baadaye, kwa sababu hiyo hiyo. Ukichagua filamu, basi jiulize tangu leo kama una moyo wa kusimama nyuma ya kamera, kuongoza watu 60 wanaosubiri uamuzi wako. Kama jibu ni hapana, jiandae kuwa mtu anayekabidhi kazi na kuondoka. Wapo wanaoweza, na wanaishi vizuri. Mtu mwenye wivu na kila nukta yake ataumia.

Uingereza ina mtindo wa tatu, nao nauonea shauku. Huko mfululizo wa vichekesho kwa kawaida umeandikwa na mtu mmoja au wawili, na msimu una episodi 6 hivi. Fawlty Towers ina episodi 12 tu, zilizotoka mwaka 1975 na 1979, na zote ziliandikwa na John Cleese na Connie Booth. Kwa mwandishi anayetaka sauti yake isikike bila kuchanganywa na za wengine lakini hataki kuongoza filamu, hapo ndipo mahali pake. Shida ni kwamba mkiwa wawili hakuna wa kuwapokea mkichoka, na episodi 12 haziwezi kukulipa kama 100.

Mstari mmoja, vyumba viwili

Tuone kazi yenyewe inavyofanyika. Chukua mhusika mmoja: bosi asiyeweza kuomba msamaha. Amemkanyaga mfanyakazi wake mguu kwa gari. Amelazimika kwenda hospitali, na mkononi ana maua yenye kadi. Kadi imeandikwa nini?

Kwenye chumba cha waandishi wa televisheni, mmoja anatoa hii: "Gari langu linaendelea vizuri, na wewe ugua pole." Watu wanatabasamu, hakuna anayecheka. Mwenzake anaona kasoro papo hapo. Kinachoshangaza ni gari, nalo limetangulia; maneno yanayofuata yanazima kicheko kabla hakijatoka. Anageuza: "Ugua pole. Gari langu linaendelea vizuri." Meza inacheka. Wa tatu anasema ondoa "langu", kwa sababu aliyekanyagwa anajua vizuri sana gari ni la nani. Inabaki: "Ugua pole. Gari linaendelea vizuri." Wa nne anauliza nani anaisoma hiyo kadi. Bosi akiisoma mwenyewe anaonekana katili tu. Mgonjwa akiisoma kimya, akampa mkewe, mkewe naye akaisoma mara mbili kisha akamtazama bosi, hapo umepata vicheko vitatu kwa kadi moja, na bosi hajafungua mdomo.

Yote hayo yametokea kabla chai haijapoa. Kisha waigizaji wanaisoma skripti mezani mbele ya kila mtu, na mistari iliyolala inawekewa alama. Kama kipindi kinarekodiwa mbele ya hadhira, kwa kamera kadhaa kama ilivyofanywa na I Love Lucy tangu mwaka 1951, siku ya kurekodi waandishi wanasimama pembeni. Panchi, yaani mstari unaopaswa kuchekesha, isipopata kicheko wanajikusanya, wanampelekea mwigizaji mstari mpya, na tukio linarudiwa pale pale. Sijui shule ya vichekesho inayofundisha haraka kuliko hiyo. Unatega saa nne asubuhi, unajua jioni kama mtego umefyatuka.

Mwandishi wa filamu anaandika kadi ile ile peke yake. Ule mpangilio wa maneno lazima augundue mwenyewe, na hana wa kumwambia kwamba gari limetangulia. Akiisoma baada ya mwezi, haimchekeshi tena, naye hawezi kujua kama ni mbovu au ameizoea tu. (Kichekesho kilichosomwa mara mia hakimchekeshi aliyekiandika. Hilo peke yake si sababu ya kukifuta, na wanaoanza hufuta mno.) Kicheko cha kwanza cha watu asiowajua anaweza kukisikia kwenye maonyesho ya majaribio, wakati tukio limeshapigwa na seti imeshavunjwa. Wakati mwingine studio huita kundi la waandishi wa vichekesho wakae mezani siku moja au mbili wanoe panchi. Wanalipwa kwa siku, majina yao hayaandikwi. Ni kibarua kizuri kwa mtu mwepesi wa kufikiri, na baadhi ya waandishi wa televisheni hukifanya wakati wa mapumziko ya msimu.

Lakini filamu ina zawadi ambayo chumba hakiwezi kutoa: muda. Unaweza kukaa na yule bosi hadi ujue kwa nini hawezi kuomba msamaha. Nani aliyemfundisha kwamba kukiri ni kushindwa? Kwenye televisheni, kukiwa na episodi inayosubiri Ijumaa, swali hilo huahirishwa.

Kisa chako kinataka nyumba gani

Kipimo hiki ndicho ninachokiamini kuliko vyote, na ajabu ni kwamba kinaulizwa mara chache. Watu huuliza "mimi nafaa wapi?" kabla ya kuuliza kisa walicho nacho kinafaa wapi.

Kwenye mfululizo wa televisheni yule bosi hatakiwi kupona. Wiki hii anatuma maua, wiki ijayo anampandisha cheo mtu aliyemkosea ili asimwambie samahani, wiki inayofuata anajikuta mahakamani kwa neno moja aliloweza kulisema bure. Mtazamaji anarudi kwa sababu anamjua na anataka kuona safari hii atatorokaje. Siku akiomba msamaha kwa dhati, injini imezimika. Na mwandishi lazima ampatie kisa kamili ndani ya dakika 22 hivi ikiwa chaneli ina matangazo, chenye kamba mbili au tatu za hadithi zinazopishana, ndani ya kurasa 30 na kitu. (Skripti za kurekodi mbele ya hadhira huwa nene zaidi kwa sababu mazungumzo huachiwa nafasi kati ya mistari.)

Kwenye filamu ni kinyume. Una kurasa 90 hadi 110, kwa makadirio ukurasa kwa dakika, na mwishoni lazima aombe msamaha. Mara moja, kwa gharama kubwa, mbele ya mtu anayemjali, na ikiwezekana tucheke huku koo limekaba. Kila kichekesho cha kabla yake kinapaswa kumsukuma kuelekea hapo. Ugumu wa filamu ya vichekesho uko katikati, kuanzia ukurasa wa 50 hivi, pale wazo la kwanza limeshatoa vicheko vyake vyote na mwisho bado uko mbali. Ukiona filamu inachekesha nusu saa ya kwanza kisha inakuwa ya kukimbizana na kupiga kelele, mara nyingi aliyeiandika alikuwa na wazo la ukubwa wa episodi.

Basi jiulize: kinachochekesha hapa kinaisha mhusika akibadilika? Kama jawabu ni ndiyo na mabadiliko yenyewe ndiyo unayotamani kuyaandika, hiyo ni filamu. Kama kicheko kinazaliwa na kutobadilika kwake, andika mfululizo. Huduma za kutazama kwa intaneti zimeleta katikati ya hapo misimu ya episodi 8 au 10 ambamo mhusika anabadilika polepole, na huko kuna kazi nzuri sana inafanyika. Hata hivyo ukiwa unaandika sampuli yako ya kwanza, yaani skripti ya kukutambulisha kwa wanaoajiri, usianzie huko. Msomaji atashindwa kujua kama unaweza kuchekesha au unaweza kuhuzunisha.

Fedha

Televisheni hulipa kwa wiki au kwa episodi, na kwa sababu hiyo mtu anaweza kupanga maisha. Msimu wa zamani wa chaneli kubwa za Marekani ulikuwa na episodi 22 au zaidi, yaani karibu mwaka mzima wa kazi, na kipindi kikirudiwa malipo ya marudio yanaendelea kuingia. Misimu ya intaneti ya episodi 8 hadi 10 imeyakata hayo. Chumba kinafunguliwa wiki chache, kinafungwa, na mwandishi anatafuta kazi nyingine kabla hata kipindi hakijapigwa picha. Anakosa mshahara, tena anakosa kile kilichokuwa kinamfundisha kuongoza, yaani kuwepo seti na kwenye uhariri.

Haya ndiyo yaliyowapeleka waandishi wa Marekani barabarani kugoma. Mgomo wa mwaka 2007 hadi 2008 ulihusu kwa kiasi kikubwa malipo ya intaneti. Ule wa mwaka 2023 ulidumu siku 148, kuanzia Mei 2 hadi Septemba 27, na mkataba uliofuata ukaweka idadi ya chini ya waandishi kulingana na ukubwa wa msimu: 3 kwa msimu wa episodi zisizozidi 6, 5 kwa episodi 7 hadi 12, na 6 kwa 13 au zaidi. Ukaweka pia kwamba programu ya akili bandia haiwezi kuhesabiwa kuwa mwandishi.

Filamu hulipa kwa hatua: rasimu ya kwanza, marekebisho, kung'arisha. Kiasi cha hatua moja kinaweza kuwa kikubwa kuliko miezi ya televisheni, lakini kati ya hatua na hatua inaweza kupita mwaka, na skripti nyingi zinazolipiwa hazipigwi picha kamwe. Mtu anaweza kuishi kwa filamu miaka mingi bila jina lake kuonekana kwenye skrini hata mara moja. Wapo wanaolivumilia hilo kwa sababu wanapenda kuandika kuliko kuonekana. Mkataba ule wa 2023 uliwasaidia wa chini: anayelipwa hadi mara mbili ya kima cha chini kwa rasimu ya kwanza sasa anahakikishiwa hatua ya pili. Zamani aliweza kuombwa kurekebisha bure mara kadhaa kwa jina la urafiki na prodyuza.

Kuingia

Hapa sina mengi. Televisheni ina mlango unaoonekana: unaandika skripti ya kwanza ya mfululizo wako mwenyewe, inasomwa na wakala au mwandishi mkuu, na ikipendwa unaitwa chumbani. Wengine huingia kama wasaidizi wa waandishi, wale wanaonukuu yote yanayosemwa mezani. Ni kazi ngumu yenye malipo madogo, lakini unasikia kila kichekesho kikizaliwa na kikifa. Kutoka hapo vyeo vinapanda kuanzia mwandishi wa kawaida, mhariri wa hadithi, hadi ngazi za utayarishaji ambazo kwa kweli ni vyeo vya uandishi.

Filamu haina ngazi. Unaandika skripti nzima bila mkataba, unaitafutia mnunuzi, na kila mradi unaanza upya. Uzuri wake ni kwamba huhitaji kuishi karibu na chumba cha mtu yeyote, na filamu fupi ya dakika 5 iliyopigwa na marafiki inaweza kukutambulisha vizuri kuliko barua 50.

Tabia yako

Chumba cha waandishi kinataka mtu anayeweza kutoa wazo bovu kwa sauti kubwa, likakataliwa, na dakika moja baadaye akatoa jingine bila kinyongo. Anayechekesha zaidi si lazima awe wa thamani zaidi. Yule anayesema "mstari wake ule wa mwanzo ulikuwa karibu, tubadilishe tu anayesema" huitwa tena msimu ujao. Kama wewe huandika polepole, unahitaji kimya, na wazo lako zuri hukujia usiku watu wakishalala, utateseka mezani hata ukiwa na kipaji kuwazidi wote. Watu wa namna hiyo filamu inawastahi.

Tena usisahau kwamba kilele cha televisheni si kuandika. Mwandishi mkuu hukaa kwenye vikao vya bajeti, husuluhisha waigizaji, hupokea simu za chaneli, kisha usiku ndipo arekebishe skripti ya mwenzake. Anayeipanda ngazi ile kwa mapenzi ya kalamu ajue hilo mapema.

Ukiniuliza mimi, nikiwa na mtu mbele yangu mwenye kipaji, mwenye kusitasita na asiye na kisa kimoja kinachomnyima usingizi, nitamwambia televisheni. Atasikia vicheko vingi zaidi kwa mwaka, na sikio la vichekesho hufunguliwa kwa kusikia. Mwenye kisa kinachomnyima usingizi, na hasa aliye tayari kukiongoza mwenyewe, aende kwenye filamu na asipoteze muda chumbani kwa wengine.

Kabla ya kutia sahihi

Wanaoandika wawili wawili wafahamu kwamba kwenye vyumba vya Marekani jozi huhesabiwa kama mwandishi mmoja, na mshahara mmoja hugawanywa. Inafaa kuanza hivyo kwa sababu ni rahisi zaidi kuajiriwa, lakini kila mmoja awe na skripti yake ya peke yake mfukoni, kwani jozi huvunjika.

Kwa mkataba wa filamu, uliza hatua ngapi zimehakikishwa, na nani ana haki ya kuandika kwanza endapo kutakuwa na sehemu ya pili. Kwa mkataba wa televisheni, uliza idadi ya wiki, sio idadi ya episodi peke yake, na uliza kama utakuwepo wakati wa kupiga picha. Kisha soma kwa makini kifungu cha kufungwa na kampuni moja. Wapo waandishi waliomaliza wiki 10 za kazi, wakakatazwa kuandikia kipindi kingine kwa miezi huku wakisubiri kujua kama msimu wa pili utakuwepo. Omba muda huo uwe na mwisho ulioandikwa kwa tarehe, na kama hawataki, omba walipe kwa kukusubirisha.